Wageni wa Maji ya Bamvua

Sogea kidogo unisikilize, maana nitakueleza habari ya maji, na habari ya maji haitaki haraka. Kama hujawahi kufika delta ya Rufiji usijali. Mimi nilizaliwa Umwe, si mbali na huko, nikafanya kazi ya uandishi wa habari miaka kumi na miwili bila kuyajua haya nitakayokwambia. Nitakwenda polepole. Ukipotea, lawama ni yangu.

Kwetu Umwe ni watu wa jembe: mpunga, ufuta, mihogo. Maji tunayoyajua ni mvua, na mto unapofurika. Kwamba kuna maji yanayoondoka na kurudi mara mbili kwa siku, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, hilo nilifundishwa shuleni, nikalijibu kwenye mtihani, nikapata vema, nikalisahau.

Natangaza habari za siasa na za uchunguzi katika kituo kidogo cha televisheni. Ofisi yetu iko Kibiti, vyumba viwili nyuma ya duka la mabati. Watu huniuliza tofauti ya kazi hizo mbili. Ni hivi: kazi ya siasa ni kwenda siku ahadi inapotolewa. Kazi ya uchunguzi ni kurudi baadaye, bila matarumbeta, kuangalia. Habari iliyonijulisha kwa watu ni ya shule moja iliyopakwa rangi upande wa barabarani tu. Wageni wote walipiga picha na kuondoka. Mimi nilizunguka nyuma kutafuta choo, nikakuta kuta zimebaki udongo mtupu. Tangu siku ile nikajiona mtu ambaye hadanganyiki. Kila uzinduzi nilizunguka nyuma.

Basi likaja gati.

Katika kijiji kimoja cha delta, ambacho sitakitaja, lilijengwa gati jipya la mbao na zege ili boti ya wagonjwa iweze kufunga pale. Tulipanda boti Nyamisati mchana, madiwani, watu wa afya, mimi na mpiga picha wangu. Huyu ni mwanamume wa Ikwiriri, mnene, mcheshi, mwoga wa maji. Alivaa jaketi la kuokolea tangu tulipokuwa bado nchi kavu.

"Kaka, hata bado hatujapanda," nilimwambia.

"Dada yangu, maji hayasubiri mtu apande," alijibu. "Mimi najiandaa mapema kama maiti anayewahishwa swala ya Ijumaa."

Tulifika saa kumi jioni. Maji yalikuwa yamejaa hadi karibu na mbao za gati, yametulia, ya kijani, na mikoko imesimama ndani yake mpaka kifuani. Boti ikasogea, ikagusa gati kama mtu anayebisha hodi kwa adabu. Wageni wakashuka mmoja mmoja, na hakuna aliyelowesha hata soli ya kiatu. Mwenyekiti wa kijiji, mzee mwembamba mwenye kofia ya kiua, alisimama pale pale akimpa kila mmoja mkono. Tulipewa madafu, wali na kamba.

Nami nikafanya kazi yangu. Nilizunguka nyuma. Nilitikisa nguzo, nilihesabu misumari, nilimwuliza fundi maswali mpaka akachoka nami. Gati lilikuwa zima na imara. Nikasimama mbele ya kamera nikasema, kwa furaha ya kweli, kwamba sasa boti ya wagonjwa inafika mlangoni mwa kijiji. Habari ikatoka usiku ule saa mbili. Mama yangu alinipigia kutoka Umwe kusema kilemba kilinipendeza.

Siku ya nane baada ya hapo, simu iliita nikiwa ofisini. Sauti ya mwanamke, ya utu uzima, haina papara.

"Wewe ndiye uliyesema boti inafika?"

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Inafika lini?"

Sikuelewa swali. Nikamwambia inafika, nilikuwa ndani yake.

"Siku kama ile inafika," alisema. "Leo haifiki. Kesho haifiki. Keshokutwa labda. Mimi ndiye nesi wa zahanati ya hapa. Niko kwenye gati lako sasa hivi, naangalia tope."

Akanieleza kilichokuwa kimemfanya anitafute. Kamati ya afya ilikuwa imeandaa pendekezo: kwa kuwa boti sasa inafika, zahanati yake ndogo ifungwe, na yeye na dawa zake wahamishiwe kituo kikubwa cha afya upande wa pili wa mto. Wagonjwa wawe wanavushwa kwa boti. Madiwani wangelipitisha pendekezo hilo katika kikao kilichobaki wiki mbili na siku chache. Na ndani ya karatasi ya pendekezo, kama ushahidi, ilitajwa habari yangu.

"Hawakudanganya," nesi alisema. "Na wewe hukudanganya. Lakini mwanamke akishikwa na uchungu siku kama ya leo, na hapa hapana mtu, nitamwambia asubiri mwezi?"

Hapo ndipo nilipofundishwa, kwa simu, nikiwa na kalamu mkononi kama mwanafunzi. Nakupa kama nilivyopewa. Maji ya pwani hujaa na kupwa kila siku, lakini hayajai kwa kipimo kimoja. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, maji hujaa sana na hupwa sana. Hayo ni maji ya bamvua. Katikati ya hapo, mwezi ukiwa nusu, maji husinzia. Hayapwi sana, na hata yakijaa hayapandi sana. Hayo ni maji mafu. Gati lilikuwa limejengwa ndani ya kijito kifupi, mbali na mkondo mkuu. Siku za bamvua kijito hujaa pomoni. Siku za maji mafu, hata saa ya kujaa, boti haiingii.

"Sisi tulikuja mwezi umeandama," nilisema, taratibu.

"Mlikuja mwezi umeandama," alisema nesi.

Nikamwambia nitakuja kupiga picha upya. Kwa kuwa ni utaratibu kumwarifu mwenyekiti wa kijiji, nilimpigia. Alifurahi mno. "Karibu sana, mwanangu! Njooni Jumatatu ijayo, alasiri. Maji yatakuwa mazuri." Nikamshukuru, nikaandika tarehe kwenye daftari. Nilikuwa nimekwisha kufunga daftari ndipo nikatazama kalenda. Jumatatu ijayo mwezi ungekuwa mpevu.

Nilimpigia nesi tena. Alicheka mpaka akakohoa.

"Umeona sasa? Hana ubaya mwenyekiti. Ndivyo tulivyolelewa. Mgeni haletwi kwenye tope. Ukisema unakuja, unapewa siku ya maji. Hata mkwe akija kuposa anapewa siku ya maji."

Nikakata simu. Kisha nikamwita mpiga picha, tukafungua kompyuta ya ofisi na kutafuta kila picha ya kijiji kile tuliyowahi kupiga, sisi na waliotutangulia. Kampeni. Ugawaji wa vyandarua. Ziara ya mkaguzi. Kampeni nyingine. Viongozi walibadilika, nguo zilibadilika, kamera yenyewe ilibadilika. Maji hayakubadilika. Katika kila picha yalikuwa yamejaa, yametulia, ya kijani, mikoko imezama mpaka kifuani.

Mpiga picha alitoa kofia yake akaiweka mezani. "Dada," alisema, na safari hii hakutania, "sisi hatujawahi kukiona kijiji kile."

Nimefanya kazi hii muda mrefu, na nimewahi kuona watu wakificha mambo kwa mabati, kwa rangi, kwa turubai. Sijawahi kuona jambo lililofichwa kwa heshima. Hakuna aliyepanga. Kila mwenyeji, mwaka baada ya mwaka, alikuwa amefanya kitu kimoja cha wema kwa mgeni mmoja, na wema wote ule ukijumlishwa ulikuwa umeifuta nusu ya mwezi machoni pa serikali. Nilihisi kama mtu aliyeambiwa kwamba nyumba aliyoizoea ina ghorofa nyingine chini.

Jumatatu ile hatukwenda. Tulisubiri mwezi upungue. Siku mbili kabla ya kikao cha madiwani tulipanda boti Nyamisati asubuhi, bila kumwambia mwenyekiti. Nahodha alituuliza mara mbili kama tumekosea siku.

Saa nne, mashine ikaanza kutema tope. Nahodha akaizima, akachukua upondo, mti wake mrefu, akasukuma kidogo, akaacha. Mbele yetu, mbali, gati lilisimama peke yake juu ya nguzo zake ndefu kama korongo. Chini yake hapakuwa na maji hata ya kunawa. Tope tupu, jeusi, linang'aa, na kaa wadogo wekundu wanatembea juu yake kwa maelfu kama watu wa mnadani.

"Tusubiri yajae," nilimwambia nahodha.

"Yamejaa," alisema.

Nilimtazama nikidhani anatania.

"Ndiyo yamejaa hivi, dada. Saa hii ndiyo kileleni. Baada ya hapa yanarudi."

Nikatazama ukingo wa maji. Ulikuwa umefika kwenye jani moja la mkoko lililoanguka, ukaligusa, ukatulia. Hakuna upepo, hakuna sauti. Bahari yote ile iliyo huko nje ilikuwa imefika mpaka kwenye jani lile, ikaamua basi. Kisha, mbele ya macho yangu, ikaanza kurudi. Sina neno la kukueleza ukubwa wa kitu kile kidogo. Mpiga picha alikuwa amekiona pia. Alilipiga picha jani lile dakika kadhaa bila mimi kumwambia.

Tukashuka. Tope lilinifika magotini, likanivua kiatu cha kwanza, kisha cha pili, na vyote viwili vimebaki huko hadi leo. Mpiga picha alibeba kamera kichwani, jaketi lake la kuokolea bado kifuani.

"Hilo jaketi la nini? Maji hakuna," nilimwambia.

"Nitaelea juu ya tope."

Nesi alikuwa akitungoja ukingoni, kanga kaifunga kiunoni, miguu mitupu. Ni mfupi kuliko sauti yake. Hakusema pole. Alisema, "Karibu, sasa umefika."

Lakini nyuma yake alikuja mwenyekiti, karibu anakimbia, kofia mkononi, uso umemshuka.

"Nesi! Umewaacha wageni wapite hapa? Mwanangu, nisamehe, nisamehe sana. Kwa nini hukuniambia? Ningekupa siku."

"Babu, shikamoo. Ndiyo maana sikukwambia."

"Na kamera? Unataka watu wote watuone hivi? Watasema hatuna adabu, tunapokea watu kwenye tope."

"Mwenyekiti," nesi alisema, "adabu yetu itatufungia zahanati."

"Baba yangu alikuwa mwenyekiti hapa," alisema yule mzee. "Hakuna mgeni aliyewahi kupata tope mguuni mwake. Hata mmoja." Alisema hivyo huku akitazama miguu yangu, na nikaona macho yake yanalengalenga. Nilitambua kwamba sikuwa naomba jambo dogo. Bila ruhusa yake nisingepiga picha. Pale ni kwao, na picha iliyopigwa kwa kumwaibisha mwenye mji ningeona haya kuionyesha.

Nikatafuta la kusema, na nikapata lile tunalolijua sote.

"Babu, mimi kwenu nimekuja mara ngapi?"

Akafikiri. "Wakati wa kampeni. Wakati wa gati. Na leo."

"Mara tatu. Na mgeni siku mbili, ya tatu?"

Nesi ndiye aliyeanza kucheka, akaziba mdomo kwa kanga. Kisha mzee naye akatikisa kichwa, na tabasamu likamponyoka.

"Ya tatu mpe jembe," alisema. "Haya. Jembe letu ndilo hili, mwanangu. Umekwisha kulikanyaga."

Baada ya hapo mwenyekiti alikuwa kama mtu aliyetua mzigo. Yeye mwenyewe alituonyesha kila kitu. Alisimama kwenye nguzo ya gati akagusa mstari ulioachwa na maji juu yake: hapa bamvua; kisha akaonyesha chini, mbali: pale maji mafu, na kati yake urefu unaomzidi yeye na kofia yake. Nesi alituonyesha kalenda ya ukutani pale zahanati. Kila mwezi amezizungushia duara siku za boti, na siku za chanjo amezipanga kufuata duara hizo. Miaka mingi, kalenda juu ya kalenda, zimepigiliwa kwenye msumari mmoja. Aliweza kuniambia, bila kutazama popote, saa ya maji ya siku yoyote niliyoitaja. Nilimjaribu mpaka nikaona aibu kumjaribu.

Nikauliza mgonjwa hupitishwaje siku kama hizi. Wakaleta machela yao, boriti mbili za mti wa mkandaa na turubai katikati. Sikutaka kuigiza mgonjwa, kwa sababu mtazamaji akigundua umemwigizia jambo moja, hataamini la pili. Nikasema nitaeleza wazi kwamba ni jaribio, nipate tu kujua muda. Nani abebwe?

Wanaume wanne walimtazama mpiga picha wangu.

"Mimi?" alisema. "Mimi ndiye napiga picha!"

"Kamera nitashika mimi," nilisema.

"Huyu tukimfikisha," mmoja wa wabebaji alisema akimzunguka kama mnunuzi wa ng'ombe, "wajawazito wote wa delta ni wepesi."

"Mama kijacho, lala," mwingine akamwambia. "Ni pacha?"

"Ni watatu," mwenyekiti alisema, na kijiji kizima kikaangua kicheko.

Walimbeba. Kutoka zahanati hadi pale boti ilipokwama mara ya kwanza ilikuwa tope la magoti, kisha la mapaja. Lakini boti haikuwa pale tena. Maji yalikuwa yakirudi, na nahodha alikuwa akirudi nayo, kidogo kidogo, asikwame. Wabebaji walitembea kuifuata, nayo ikawa inakwenda. Kicheko kilipungua, kisha kikakoma. Nilisikia pumzi zao tu, na tope likinyonya miguu. Mpiga picha alikuwa ameshika boriti mbili pembeni. Saa nzima na robo ilipita kabla hajakabidhiwa kwenye boti. Alipokaa alinitazama akasema kwa sauti ndogo, "Nilikuwa mzima, dada. Sina hata maumivu ya jino."

Maneno yale niliyaweka kwenye habari, bila kuongeza langu.

Habari ilitoka kesho yake. Niliianza kwa kusema kwamba nilikosea, na nikaonyesha pande mbili za kioo: gati siku ya uzinduzi, gati siku ya maji mafu. Mhariri wangu alisita kidogo. Alisema watazamaji watadhani ni vijiji viwili. Nikamwambia ndivyo hasa, acha wadhani, kisha tuwaambie.

Kikaoni, diwani mmoja alisimama akauliza swali hilo hilo, kama picha zile ni za mahali pamoja. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa amealikwa, amekaa nyuma na kofia yake magotini. Akasema ni mahali pamoja.

"Sasa mzee, tumekuja kwenu miaka yote hii," diwani alisema. "Kwa nini hamkutuambia?"

Mzee alisimama taratibu. "Mlikuwa wageni," alisema, akakaa.

Feni iliendelea kuzunguka. Nimehudhuria vikao vingi kiasi kwamba najua aina za ukimya: wa hasira, wa usingizi, wa kusubiri posho. Ule haukuwa mmojawapo. Watu wazima waliosomea mambo makubwa walikuwa wametambua, wote kwa pamoja, kwamba kulikuwa na nusu ya mwezi ambayo hawajawahi kuishi. Diwani yule alibaki amesimama, karatasi mkononi, kama aliyesahau njia ya kurudi kitini.

Pendekezo liliondolewa siku ile ile. Zahanati ibaki wazi, na nesi wake abaki, mpaka gati lirefushwe hadi mkondo mkuu. Kisha wakakubaliana kwenda kuona wenyewe. Mwenyekiti wa kikao akauliza tarehe gani itafaa. Mzee wetu akafungua mdomo, na nikajua kabisa anachotaka kusema. Akajizuia. Akageuka kumtazama nesi aliyekuwa mlangoni.

"Muulizeni yeye," alisema. "Mimi nitawapa siku nzuri."

Walikwenda siku aliyowapa nesi. Viatu vingi vilibaki huko. Mwenyekiti aliwapokea kila mmoja kwa mkono, na ukingoni alikuwa ameweka ndoo za maji safi za kunawia miguu, na taulo, zimekunjwa vizuri, moja kwa kila mgeni.

Nawe utakapotaka kwenda kuangalia jambo katika kijiji cha watu, mpigie mwenyeji kabla ya kupanga safari. Muulize ni siku gani ambayo asingependa ufike, na kwa nini. Andika tarehe hiyo, muombe ruhusa, kisha nenda siku hiyo, na uvae viatu usivyovipenda.